Kiwanja cha babu kisiuzwe kwa jaribio

Ndugu Mhariri,

Habari za jaribio la Marekani la mionzi ya kulenga kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu wasioweza kupasuliwa zimefika kwenye kundi letu la ukoo, ila zilifika zimeshageuka: “Kansa ya mapafu imepata dawa, siku tano umepona.” Jioni ile ile binamu yangu wa Mkuranga akawa anauliza kiwanja cha babu kitauzwa shilingi ngapi ili shangazi apelekwe India. Shangazi mwenyewe ana kikohozi na kivuli kwenye eksirei. Hajakatwa hata kinyama cha kupima.

Mimi si daktari, nimemuuguza baba tu. Wiki sita, Jumatatu hadi Ijumaa, tulitoka Mbagala alfajiri kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road. Mionzi mara 30, jumla grei 60 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), na dripu za kemo, yaani dawa za kuua saratani, katikati. Kifuani alichorwa mistari ya wino, na mama akimwogesha alikuwa anaikwepa kwa kitambaa. Mezani hatakiwi kutikisika, na mtu wa mapafu hana namna ya kuzuia kikohozi. Siku moja mashine ilisimamishwa mara tatu.

Sasa, jaribio lenyewe, linaloitwa NRG-LU008, haliondoi safari hizo. Uvimbe ulio kwenye pafu unapigwa kwanza kwa dozi kubwa zilizolengwa, mara chache, halafu tezi za katikati ya kifua zinapata mionzi ya kawaida kwa wiki kadhaa pamoja na kemo. Wagonjwa wanagawanywa kama kwa kura: wengine wanapata hiyo, wengine matibabu ya siku zote. Wanagawanywa hivyo kwa sababu hata madaktari hawajajua ipi ni bora.

Wana sababu ya kuwa waangalifu. Huko huko Marekani waliwahi kupandisha dozi kutoka grei 60 hadi 74, wakidhani kali zaidi ndiyo bora zaidi. Matokeo yalichapishwa 2015: nusu ya waliopewa 60 waliishi zaidi ya miezi 28, na nusu ya waliopewa 74 walivuka miezi 20 tu. Mionzi inayofika kwenye moyo ilihusishwa na kufa mapema. Ndiyo maana safari hii wanalenga, na kulenga kitu kinachopanda na kushuka kwa kila pumzi si kazi ndogo.

Baba hakukwama kwa kukosa mashine mpya, Mhariri. Zahanati moja, sitaitaja, ilimmezesha dawa za kifua kikuu miezi mitano, na makohozi yalipimwa mara moja tu yakawa safi. Alipopigwa picha ya CT, uvimbe ulikuwa umeshakumbatia mshipa mkubwa wa damu. Kisu hakikuwezekana tena. Hiyo miezi mitano ndiyo inayoniuma, kuliko yote tuliyokosa huko ng'ambo.

Ombi langu ni dogo. Mkiandika habari za namna hii, neno “jaribio” liwe kwenye kichwa cha habari, kwa herufi kubwa, maana wengi wetu huishia hapo kusoma.

Shangazi anakatwa kinyama Alhamisi. Tumechanga kwa simu, na hela imetosha. Binamu bado amenuna.

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam