Pima pakiti kwanza, boksi baadaye

Isevya, Tabora

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku Unyamwezini. Sisi wazima, na asali ya msimu huu imeanza kuingia mjini kwa ndoo. Ujumbe wako nimeusoma zaidi ya mara moja kwa furaha. Dagaa wa Kibirizi, hapo kwenu Kigoma, kuingia kwenye pakiti za robo kilo zenye jina lako, wapelekwe Dar, na sasa mteja wa Dubai anataka sampuli! Ila pale uliposema umepata maboksi ya bei poa, yale ya sentimita 60 kwa 40 kwa 40, na unataka kuyalipia mzigo mzima wiki hii, nilishtuka. Tafadhali usilipe bado.

Unafuu wa boksi hilo unaishia dukani. Mizigo ya ndege hailipiwi kwa kilo za mzani peke yake. Wasafirishaji wanapima urefu, upana na kimo kwa sentimita, wanazidisha, halafu kwa kawaida wanagawa kwa 6000, na wengine, hasa wa vifurushi, hugawa kwa 5000. Jibu linahesabiwa kama kilo, na unatozwa ile iliyo kubwa kati yake na uzito halisi. Boksi lako linatoa 16. Ukilitia pakiti 24 za dagaa, mzani utasema kilo 6 na kidogo, lakini utalipia 16. Hizo kilo kumi ni hewa ya Kigoma unayoisafirisha hadi Dubai.

Sasa chukulia pakiti moja iliyojaa ina kimo cha sentimita 20, upana 14, unene 5. Zisimamishe, tatu kwa upana na nane kwa unene: zinakaa kwenye nafasi ya 42 kwa 40 kwa 20. Ongeza unene wa karatasi na upenyo kidogo, boksi linakuwa kama 43 kwa 41 kwa 22. Ukigawa kwa 6000 unapata kilo 6 na nusu hivi. Dagaa ni walewale, pakiti zilezile.

Kwenye basi karani wa mizigo hapigi hesabu hiyo. Analitazama boksi, analinyanyua upande mmoja, anataja bei. Lakini naye anauza nafasi kwenye buti, kwa hiyo boksi kubwa jepesi halimdanganyi.

Halafu kuna kuvunjika, na hili ndilo linaloniuma zaidi kwa sababu najua unavyohangaika na kukaanga. Pakiti zikipata nafasi ya kucheza, kila tuta la barabarani linawagonganisha dagaa. Vichwa vinakatika, na mteja anafungua pakiti anakuta ungaunga umejaa chini. Watu hujaza magazeti kuziba uwazi. Magazeti yanasinyaa njiani, uwazi unarudi. Boksi lenyewe nalo linahitaji kujaa: lina nguvu kwenye pembe na kingo zake, ila katikati, pasipo na kitu ndani, linabonyea likipandiwa na mengine. Likishabonyea, pembe nazo zinakubali.

Asali yetu ni kesi nyingine, usije ukaniiga. Lita moja ya asali ina kilo 1.4 hivi, ndiyo maana ndoo ya lita 20 hufika kilo 28. Kwetu mzani ndio unaotoza, kwa hiyo tunapunguza uzito wa chombo: chupa ya kioo inapendeza, lakini unalipia nauli ya kioo. Umbo nalo tunaliangalia. Makopo ya duara yakipangwa mistari ndani ya boksi huacha zaidi ya asilimia 21 ya sakafu tupu, ya mraba yanashikana. Wewe dagaa wako ni wepesi; adui yako ni ukubwa.

Anza na pakiti, basi. Isiwe kubwa kuliko dagaa waliomo. Hewa nyingi ndani inachachusha mafuta yao, na ndege ikipaa pakiti inavimba. Ila acha nafasi ya kutosha kuziba mdomo vizuri, na usibane pakiti ndani ya boksi hadi uzisukume kwa kiganja, maana mishono itaachia. Mkono uingie kwa shida kidogo, uchomoe pakiti ya kwanza bila kuchana kitu.

Na taka, shoga. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, tukafurahi, lakini kila boksi lisilo na kipimo linaacha nyuma selotepu mita kadhaa, magazeti na karatasi ngumu isiyo na kazi. Ninyi mnaishi pembeni ya ziwa, mvua ikinyesha vyote vinateremka huko huko wanakotoka dagaa wako.

Usinitumie pakiti tupu. Jaza moja, izibe kabisa, umpe msafiri wa treni, nitaipokea stesheni. Nitaipima kwa futi ikiwa imesimama na ikiwa imelala, nikuchoree boksi la pakiti 12 na la pakiti 24, kisha upeleke mchoro kwa watengenezaji wa maboksi. Ofisi ya SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, hapo mkoani waulize nani anakubali oda ndogo. Yule muuza maboksi mwambie asubiri.

Nisalimie mama na watoto.

Shoga yako wa Tabora