Kukatwa plasta si mwisho wa matibabu ya mguu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo hospitali nyingi hulichukulia kwa wepesi, nalo ni hali ya mgonjwa wa kifundo cha mguu baada ya plasta kukatwa. Mimi hufunza kandanda vijana wa Kayole na mitaa jirani, kwa hivyo miguu iliyoteguka na kuvunjika si habari ngeni kwangu. Mambo ni yaleyale kila mara: mgonjwa hupigwa eksirei, hufungwa plasta, huitwa tena baada ya wiki sita hivi, plasta hukatwa, huambiwa aanze kutembea polepole, na habari zake na hospitali hukomea hapo. Ni nadra kuelekezwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, na akielekezwa huwa ni kwa karatasi isiyo na tarehe.

Katika wiki hizo mfupa huunga, lakini sehemu nyingine za mguu huzorota. Shavu la mguu hukonda, kifundo hukakamaa, na kano na misuli hupoteza ule wepesi wa kuuarifu ubongo jinsi unyayo ulivyokanyaga. Upungufu huu wa mwisho ndio mbaya zaidi kwa sababu hauonekani. Mtu hujiona amepona kwa vile haumwi, halafu akakanyaga ukingo wa lami uliomeguka, au akashushwa kwenye matatu ambayo haijasimama vizuri, na kifundo kikapinduka palepale kilipoumia awali. (Makanga wetu hawana subira hata kwa mwenye magongo, lakini hilo ni la barua nyingine.) Kuteguka kunakorudiarudia huzilegeza kano za upande wa nje, na kiungo kilicholegea kwa miaka mingi huweza kuishia kulika gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo.

Walioteguka bila kuvunjika wana shida ya namna nyingine, kwa kuwa wengi wao hawafiki hospitalini kabisa. Mguu uliofura hupelekwa kwa mkandaji, ukakandwa kwa maji moto na kuvutwa siku ileile, ilhali ndani kano imechanika na damu ingali inavuja. Siwadharau wakandaji, kwani wapo wenye mikono mizuri kwa misuli iliyochoka, lakini kifundo kilichoumia leo hakifai kuvutwa kabla ya kujulikana kama mfupa ni mzima. Kipimo kipo, tena rahisi, kilichochapishwa na madaktari wa Ottawa, Kanada, mwaka 1992: mwenye maumivu ya kifundo akishindwa kupiga hatua nne, au akiumia anapobonyezwa ukingo wa nyuma au ncha ya mojawapo ya mifupa miwili iliyotokeza pande za kifundo, apigwe eksirei. Kwa mtoto anayekua ningeongeza tahadhari, maana karibu na ncha za mifupa yake pana sehemu laini inayoweza kuumia pale ambapo mtu mzima angeteguka kano pekee.

Wapo pia wanaoulaza mguu wiki nzima ukiwa na barafu juu yake. Ushauri wa kupumzika, kuweka barafu, kufunga bandeji na kuinua mguu ulienezwa na daktari Mmarekani, Gabe Mirkin, mwaka 1978, na ni yeye mwenyewe aliyeandika mwaka 2014 kwamba barafu na mapumziko kamili huweza kuchelewesha kupona. Barafu itulize maumivu ya siku za kwanza, kisha kifundo kianze kusogezwa kadiri kinavyovumilia.

Mazoezi yenyewe hayahitaji mashine. Mgonjwa akiwa ameketi huchora herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu, asubuhi na jioni. Kifundo kikilainika, husukuma na kuvuta unyayo dhidi ya utepe wa mpira, na kipande cha tyubu ya baiskeli hufaa sana kwa kazi hiyo. Baadaye husimama kwenye kidato cha ngazi akiinuka kwa vidole na kushuka taratibu, kwanza kwa miguu yote miwili, kisha kwa mmoja. Hatimaye husimama kwa mguu ulioumia nusu dakika karibu na ukuta, macho wazi, halafu macho yakiwa yamefumbwa. Zoezi hili vijana wangu hulicheka, nami hulisisitiza kuliko yote. Haingii uwanjani kwangu kijana asiyeweza kuruka kwa mguu huo mmoja bila kuyumba, hata kama fainali ni kesho na wazazi wamenuna. Aliyetiwa vyuma, au aliyekatika ile kano nene ya nyuma ya kisigino, asijianzie mazoezi haya kabla ya kupewa ratiba na daktari wake.

Kwa idara ya afya ya Kaunti ya Nairobi, nina ombi moja. Wataalamu wa fiziotherapia tunao, na tangu mwaka 2014 wana sheria yao inayosimamia usajili wao. Siku ya kukatwa plasta, mgonjwa asitoke hospitalini bila tarehe ya kumwona mtaalamu huyo na karatasi ya Kiswahili yenye michoro ya mazoezi ya wiki za kwanza. Mama mboga au mwendeshaji boda boda ambaye tayari amekosa mapato kwa miezi hawezi kurudi hospitali mara tatu kwa wiki, kwani nauli pekee ingemshinda, lakini anaweza kwenda mara mbili akaonyeshwa, kisha akajifanyia nyumbani. Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, mwezi Oktoba 2024, nayo ibandike katika kila kituo, kwa lugha nyepesi, maelezo ya huduma za fiziotherapia inazomlipia mgonjwa asiyelazwa, kwa sababu wengi hawaulizi, wakidhani kila kitu watakitoa mfukoni.

Mkufunzi wa kandanda ya vijana,
Kayole, Nairobi