Kijerumani kifundishwe kwa Kiswahili, vijana waelewe wanachokipanga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo lililonikaa moyoni tangu mwezi wa sita. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nimefundisha Kiswahili miaka 34, kwanza Newala, kisha hapa Mikindani ninapoishi mpaka leo. Nina mjukuu, binti wa mwanangu wa pili, mwenye stashahada ya uuguzi. Ameomba ajira nchini, na katika kusubiri akaamua kujifunza Kijerumani, kwa sababu Ujerumani wauguzi wanatakiwa. Hayuko peke yake. Nikienda Mtwara mjini nawaona wenzake kituo cha mabasi, simu mkononi, midomo inachezacheza bila sauti.

Kila siku baada ya magharibi huja barazani kwangu na kadi zake. Amezikata kwenye majalada ya madaftari ya zamani, amezifunga kwa mpira wa kufungia noti. Upande mmoja ameandika neno la Kijerumani, upande wa pili maana yake. Kazi yangu ni kumshikia na kumuuliza. Jioni moja tulikuwa kwenye maneno ya mipango ya mbele: nitafanya, nimekusudia, natumaini, mwaka ujao. Ndipo nilipotazama vizuri nikaona kuwa upande wa pili wa kadi zote ni Kiingereza.

Nikamuuliza, "Ich will ni nini?"

Akajibu upesi, "Ni nita, babu. Nitafanya, nitakwenda."

Akanionyesha na daftari lake la mazoezi. Alikuwa ameandika *Der Patient will sterben*, akikusudia kusema kwamba mgonjwa atafariki. Tukafungua kitabu chake, orodha ya vitenzi kurasa za nyuma, tukapitisha kidole mpaka kwenye *wollen*. Maana yake ni kutaka. *Ich will* ni nataka. Muuguzi wangu alikuwa ameandika kwamba mgonjwa anataka kufa. Alipaswa kuandika *wird*, ndiyo inayobeba wakati ujao, akaandika *will*, kwa sababu Kiingereza nacho kina neno "will" linaloandikwa vilevile na linabeba wakati ujao. Mhariri, fikiria sentensi hiyo imeandikwa kwenye ripoti ya zamu ya usiku, katika wodi ya watu.

Simlaumu mtoto. Darasa lake ni la mtandaoni, mwalimu ni kijana wetu Mtanzania, anajitahidi sana, ila karatasi zake zote zimeandikwa kwa Kiingereza. Mwalimu anawaza kwa Kiswahili, mwanafunzi anawaza kwa Kiswahili, na katikati wameweka lugha ya tatu kama dalali. Dalali huyo kwenye maneno ya wakati ujao anapotosha.

Tukiwa tumenyamaza na lile daftari, bibi yake aliyekuwa akikuna nazi upande wa jikoni akasema kwa sauti, "Mie kesho naenda mjini, Mungu akipenda." Mjukuu wangu akainua kichwa, akaitafsiri sentensi ya bibi neno kwa neno: *Morgen fahre ich in die Stadt, so Gott will.* Kisha akashika mdomo. "Babu! *So Gott will.* Hapa *will* ni kutaka, Mungu akitaka!" Maneno hayo alikuwa akiyajua tangu zamani, Wajerumani huyasema kama tunavyosema sisi, lakini hakuwahi kuyaunganisha na kadi yake. Tangu siku hiyo hajakosea tena.

Tazama na ile sentensi ya bibi. Hakusema "nitaenda", alisema "naenda", na neno kesho likamaliza kazi. Kijerumani ndivyo kilivyo: ukishataja *morgen*, yaani kesho, au *nächstes Jahr*, mwaka ujao, kitenzi unakiacha katika wakati uliopo na kila mtu anaelewa. Mjukuu wangu alikuwa akihangaika kupachika *werden*, kitenzi kinachozaa ile *wird*, kila mahali, kumbe lugha ya nyumbani kwao ilishamfundisha asihangaike.

Basi tukazigeuza kadi. Kiingereza tukakikata kwa mstari, tukaandika Kiswahili, na kila jioni nilizidi kushangaa. *Übermorgen* ni keshokutwa, neno moja kwa neno moja. (Sisi tunaendelea mbele zaidi, tuna mtondo na mtondogoo, na ninasikitika vijana wameanza kuyasahau.) *Die Zukunft* ni wakati ujao, na ndani yake limo kitenzi chao cha kuja, *kommen*, kama ujao ilivyotokana na kuja. *Vorhaben* ni kukusudia. *Vor* ni mbele, *haben* ni kuwa na, yaani kuwa na jambo mbele yako. Hiki kinahitaji uangalifu, maana kinakatika vipande viwili: *Was hast du morgen vor?* Una mpango gani kesho? Kile kipande *vor* kinasubiri mpaka mwisho wa swali.

*Ich möchte* ndilo nililolipenda kuliko yote. Ni ningependa. Hapa pwani mtoto akienda dukani akasema "nataka sukari", mtu mzima atamrekebisha, aseme "naomba". Wajerumani nao *ich will* wanaisikia kavu mbele ya mtu usiyemzoea. Mtu anayekwenda kwenye usaili wa kazi aseme *ich möchte*. Jambo hilo mtoto wa Kiswahili halihitaji somo refu, ni adabu aliyolelewa nayo.

Na *werden* yenyewe, ile inayowasumbua wengi, ina kazi mbili. Ikisimama peke yake ni kuwa, katika maana ya kugeuka kitu fulani: *Ich werde Lehrer*, nakuwa mwalimu. Ikifuatana na kitenzi kingine ndiyo "ta" yetu: *Ich werde in Deutschland arbeiten*, nitafanya kazi Ujerumani. Tofauti ni kwamba sisi "ta" tunaibeba tumboni mwa kitenzi, wao wanaiweka nafasi ya pili na kitenzi cha kazi wanakipeleka mwisho kabisa. Tena wana tabia moja ambayo Mswahili anaitambua mara moja. Wakisema *Er wird jetzt schlafen*, mara nyingi hawatoi habari ya baadaye, wanakisia, kama sisi tunavyosema "atakuwa amelala sasa hivi".

Wataalamu wa lugha wanaeleza kuwa "ta" yetu yenyewe ilitokana na kutaka. Sisi tulianzia kwenye kutaka tukafika kwenye wakati ujao, na Waingereza na "will" yao vilevile. Wajerumani hawakupita hapo, wakashika kuwa. Nilipomweleza mjukuu wangu hivyo alikaa kimya muda, halafu akaandika kwa wino mwekundu juu ya kadi: *will* ni taka, *werde* ni ta.

Haya si mambo ya kupitisha jioni tu. Mjukuu wangu amemaliza A2, ngazi ya pili ya kujifunza lugha, anajiandaa na B1, ngazi ya tatu. Katika mtihani wa B1 wa Goethe, taasisi ya Wajerumani inayofundisha na kutahini lugha yao, sehemu ya kwanza ya kuzungumza ni watahiniwa wawili kupanga jambo pamoja: lini, wapi, nani afanye nini. Mtu asiyejua kutofautisha nataka, ningependa na nitafanya anaanza kujikwaa hapohapo. Na kutoka huku kwetu kwenda Dar es Salaam, iliko Taasisi ya Goethe, ni zaidi ya kilomita 500 kwa basi, nauli na malazi juu yako. Kufeli ni kuirudia safari nzima.

Kijerumani si kigeni pwani hii. Boma la Mikindani, nikitoka nje naliona, lilijengwa na Wajerumani mwaka 1895. Waliacha neno shule, waliacha neno hela kutoka sarafu yao ya *Heller*. Wazee wetu waliisikia lugha hiyo ikitoa amri. Huyu binti anaisoma kwa mpango wake mwenyewe, na mimi namuunga mkono kwa moyo wote. Sentensi anayoipenda ni hii: *In Berlin werde ich den Dinosaurier aus Tendaguru sehen*, yaani Berlin nitamwona dinosaria wa Tendaguru. Yule mjusi mkubwa aliyechimbwa huko Lindi kati ya 1909 na 1913, mifupa yake imesimamishwa katika jumba la makumbusho Berlin, urefu zaidi ya mita 13 kwenda juu. Anasema siku yake ya kwanza ya mapumziko ataitumia huko.

Maombi yangu ni mawili. Kwa walimu wa Kijerumani, wa darasani na wa mtandaoni: andikeni maana kwa Kiswahili, hasa kwenye vitenzi vya wakati ujao. Kwako Mhariri: ukurasa wako wa elimu utenge kona ndogo, maneno kumi kila wiki, Kijerumani kwa Kiswahili, na sentensi za kwetu, za shamba la korosho, za wodini, za safari ya basi. Vijana wa Masasi, Nachingwea na Tandahimba wasio na pesa ya bando watakata na kutunza.

Kadi zetu mpaka leo ni 214. Nimeanza kuzinakili kwa mkono kwenye daftari la kurasa 96, nimefika kadi ya 130. Nikimaliza nitaliweka kwenye bahasha ya kaki na kulituma ofisini kwako kwa basi, bila malipo yoyote. Mtihani wa mjukuu wangu ni mwezi wa kumi na moja. Wakati huo minada ya korosho itakuwa imeanza, na nauli yake itatoka huko.

Mwalimu mstaafu,
Mikindani, Mtwara