Mtoto mchanga akikataa titi, moyo uhesabiwe kwanza

Mhariri,

Hapa Amu, yaani Lamu, mtoto wa siku tano akikataa titi na tumbo likamvimba, jina la ugonjwa liko tayari: chango. Hutafutwa mafuta ya kumkanda na dawa ya gesi ya dukani. Mara nyingi ni gesi kweli. Ombi letu kwa akina mama, wakunga na wenzetu wa zahanati ni kwamba kabla jina hilo halijatolewa, moyo wa mtoto uhesabiwe.

Moyo wa mtoto mchanga hupiga mara 110 hadi 160 kwa dakika, na akilia hupita hapo. Kuna watoto ambao moyo hukimbia mara 220 hadi 300, kwa kuwa umeme wa moyo umepata njia ya pembeni, ukawa unazunguka palepale badala ya kushuka na kuisha. Wodini tunaita SVT. Homa nayo huongeza mapigo, lakini hayo hupungua mtoto akitulia. Ya SVT hugota kwenye namba moja, alale aamke.

Kidole hakiwezi kuhesabu 260. Weka stethoskopu kifuani upande wa kushoto, shika kalamu, na kila pigo ligongee nukta kwenye karatasi kwa sekunde 10. Zihesabu nukta, zidisha kwa 6. Nukta 40 ni mapigo 240.

Tumbo linaingiaje hapo? Moyo unaokimbia hivyo haupati nafasi ya kujaa, kila pigo linatoa damu kidogo. Mwili huutanguliza ubongo na moyo wenyewe, utumbo ukabakiwa na masazo. Mtoto huweza kuvumilia siku nzima au mbili, akitoka jasho anaponyonya, akihema mbio na kupauka, kabla hajazidiwa. Ukuta wa utumbo uliokosa damu huanza kufa, vijidudu hupenya na kutoa gesi ndani ya ukuta wenyewe, nayo huonekana kwenye eksirei kama mistari au povu. Ugonjwa huo ndio NEC. Huwapata zaidi watoto njiti, hasa walio chini ya gramu 1,500, na maziwa ya kopo huuzidisha kuliko ya mama. Lakini akiugua mtoto aliyetimiza miezi yake, usiuache moyo bila kuuchunguza.

Matapishi ya kijani, damu kwenye choo, tumbo gumu linalong'aa, mtoto aliyelegea: lolote kati ya hayo si la kungoja asubuhi. La kijani peke yake linatosha kukodi boti usiku, maana utumbo uliojisokota nao huanza hivyo.

Akifika zahanati, kumlisha kukome. Mpira namba 8, au 6 kwa njiti, upitishwe puani hadi tumboni na ncha ya nje ya mpira iachwe wazi, hewa itoke. Dripu, joto, penisilini na jentamaisini vifuate. Tumbo lipimwe usawa wa kitovu kwa utepe wa fundi cherehani, na alama za kalamu ziwekwe ubavuni pande zote mbili, la sivyo anayeingia zamu atapima pengine na kudhani limepungua.

Moyo nao una tiba yake. Ya kwanza ni barafu, na barafu Amu haikosekani palipo na wavuvi. Vipande na maji kidogo ndani ya mfuko wa plastiki, juu ya paji la uso hadi mwanzo wa pua, sekunde 10 hadi 20, pua na mdomo vikiwa wazi. Ni kazi ya hospitalini, mashine ya moyo ikitazamwa. Nyumbani usijaribu. Macho yasibonyezwe kamwe.

Ikishindikana, ni sindano ya adenosini, miligramu 0.1 kwa kila kilo. Chupa huwa na miligramu 6 ndani ya mililita 2, kwa hiyo mtoto wa kilo 3 anahitaji mililita 0.1 tu, tone ambalo humezwa na shingo ya sindano. Chukua mililita 1, ongeza mililita 9 za maji ya chumvi ya dripu, sasa dozi yake ni mililita 1 kamili. Dawa hii huisha nguvu katika sekunde chache. Ikisukumwa polepole, au kwenye mshipa wa mguu, hufa njiani na watu husema haifanyi kazi. Itumie mshipa wa kiwiko, isukume kwa nguvu, na mililita 5 za maji ya chumvi ziifuate papo hapo. Verapamili, dawa nyingine ya moyo, mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe.

Mama wakati huo akamue kila baada ya saa 3, mchana na usiku, maziwa yasikauke. Utumbo ukipona, yake ndiyo yatakayoanza, kidogo kidogo.

Kutoka Mokowe kupitia Witu hadi Mombasa ni safari ndefu. Barua ya rufaa iandikwe mapigo kwa dakika, saa mtoto aliponyonya mwisho, na sentimita za tumbo. Anayempokea huko hawezi kuvikisia.

Wahudumu wa watoto wachanga,
Lamu