Heri ya Krismasi, na shanga 65 za nyota

Shikamooni wazee wetu, na vijana habari za likizo. Heri ya Krismasi kwenu nyote mlioko Moshi na Arusha, kwenu mlio ndani ya mabasi kutoka Dar na mizigo magotini, na kwenu ambao mwaka huu kazi haikuwapa ruhusa ya kufika nyumbani. Mikrismasi ya barabarani imeshatoa maua mekundu. Asubuhi, kabla mawingu hayajapanda, Kibo inaonekana yote. Kibosho na Marangu ndizi za mtori zinatengwa, na mbege inasubiri siku yake. Watoto wamefunga shule, nyumba ina mikono mingi kuliko kawaida, na mikono hiyo ndiyo iliyotufanya tuandike salamu hizi.

Majilio ni wiki nne za kungoja, na kutunga shanga ni kazi inayomfaa anayengoja. Haitaki umeme wala meza kubwa. Inataka sahani, sindano, uzi na mtu wa kuongea naye. Lakini kila Januari tunaona jambo lile lile: bangili iliyotolewa kwa furaha tarehe 25 imekatika kabla shule hazijafunguliwa, na shanga zake zinafagiliwa chini ya kochi. Macho ya watu huona rangi. Kinachokifikisha kidani mbali ni uzi na fundo, vitu viwili ambavyo hakuna anayevitazama. Basi mwaka huu tunawatakia hivi: zawadi mtakazotunga, Pasaka izikute bado mkononi na shingoni.

Tuanzie dukani. Shanga ndogo huuzwa kwa namba, na namba hizo zinakwenda kinyume: namba ikipanda, ushanga unapungua. Namba 6 ina upana wa milimita 4 hivi, namba 8 ina 3, namba 11 ina 2 na kidogo. Kwa mtoto wa darasa la tatu na kwa mama ambaye macho yameanza kumsumbua, chukueni namba 8. Namba 11 inatoa kazi laini zaidi, lakini jioni chini ya taa hafifu itawachosha na mtaiacha njiani. Gramu 1 ya namba 8 ina shanga 35 hadi 40. Ya namba 11 inapita 100.

Kioo au plastiki? Wekeni ushanga shavuni. Kioo ni baridi na kinachelewa kupata joto, plastiki inakuwa vuguvugu papo hapo. Plastiki si dhambi, ila ni nyepesi, hivyo kidani chake hakilali vizuri kifuani, na kingo zake mara nyingi zina mabaki ya kiwandani yanayokwaruza. Kioo kingi kizuri kinachoonekana kwenye mapambo ya Wamaasai na Waarusha kinatoka Jamhuri ya Cheki, upande wa Jablonec nad Nisou, ambako kazi ya shanga ni ya vizazi vingi. Kabla misafara ya pwani haijaleta kioo kwa wingi katika karne ya 19, watu wa huku walijipamba kwa mbegu, mifupa, makombe na udongo, na hayo nayo bado yanapendeza.

Halafu jaribuni rangi kabla ya kulipa, au angalau kabla ya kutunga. Loweka pamba kwenye asetoni ya kuondolea rangi ya kucha, sugua ushanga mara 10. Pamba ikichafuka, rangi iko juu tu. Zinazometa kama dhahabu na fedha ndizo zinazoongoza kwa tabia hii: jasho na marashi yatazila ndani ya wiki chache na kubaki kioo kilichopauka. Msizitupe. Zitungeni mapambo ya mti, ambako hakuna jasho, na mkononi wekeni zile ambazo rangi yake imo ndani ya kioo chenyewe.

Kuhusu uzi tunasema bila kuzunguka: achaneni na uzi wa pamba wa kushonea nguo. Tundu la ushanga wa kioo lina kingo kali kama kigae, na kila mtu anapotikisa mkono uzi unasagwa humo. Unakatika ghafla, na kwa kawaida kanisani. Tumieni nailoni iliyosokotwa, au mshipi mwembamba wa kuvulia samaki, milimita 0.25 hivi. Mshipi una kasoro zake mbili: unakumbuka mviringo wa gurudumu ulilozungushiwa, kwa hiyo uvuteni kati ya vidole kwenye maji ya uvuguvugu kabla ya kuanza; na fundo lake linateleza, kwa hiyo fungeni mara tatu, si mbili.

Sasa nyota yenyewe, ya kuning'iniza mtini au mlangoni. Inataka shanga 65 za namba 8: nyekundu 10, nyeupe 15, kijani 40. Ikikamilika ina upana wa sentimita 3 na nusu hivi. Kata uzi wa mita 1.

Tunga nyekundu zote 10, funga ziwe duara, acha mkia wa sentimita 15, kisha pitisha uzi tena ndani ya zote 10 ili duara likaze. Hakikisha sindano inatokea ndani ya ushanga mmoja, isiwe kwenye fundo. Hapo okota nyeupe 3, ruka nyekundu moja, ingia kwenye nyekundu inayofuata. Umepata tao la kwanza. Rudia mpaka matao yawe 5. La mwisho litakurudisha kwenye nyekundu uliyoanzia.

Hapa ndipo nyota nyingi zinapoharibika. Kabla ya kuanza kijani ni lazima upande: pitisha sindano kwenye nyeupe mbili za kwanza za tao la kwanza, utokee kwenye ile ya katikati. Usipopanda, ncha zitajengwa juu ya duara badala ya juu ya matao, na nyota itajikunja kama ua lililonyauka. Mtoto akikuletea nyota yenye ncha nne na pengo moja, usimgombeze, tafuta alipoacha kupanda.

Ukishapanda, okota kijani 5. Sogeza zote chini mpaka zikae. Sasa ushike ule wa tano kwa ukucha, huo ndio ncha. Uache, urudishe sindano ndani ya ule wa nne peke yake, kuelekea chini. Vuta taratibu. Utaona wa tano unageuka na kukaa kichwani kama kofia, na wa nne unasimama wima chini yake. Okota kijani 3 nyingine, ingia kwenye nyeupe ya katikati ya tao linalofuata. Ncha moja imekwisha, kwa shanga 8. Fanya hivyo mara 5.

Itakuwa legelege, na hiyo si kosa. Pitia tena ukingo wote wa nje kwa uzi huo huo, kila ncha, ukivuta kidogo kila unapotoka kwenye nyeupe, nayo itakakamaa. Msivute kwa nguvu tangu mwanzo. Mzunguko wa kwanza ukikazwa mno nyota inabinuka kama bakuli na mzunguko wa pili hauna namna ya kuirekebisha. Mwisho funga kwenye uzi ulio kati ya shanga mbili, pita shanga 4 au 5 mbele, funga tena, kisha ndipo ukate. Mkia ule wa mwanzo nao ufichwe hivyo hivyo. Tone la rangi ya kucha isiyo na rangi juu ya fundo linasaidia.

Anayejifunza atachukua dakika 40 kwa nyota moja, akizoea itakuwa nusu ya hapo. Kwa nyota 12 nunueni gramu 4 za nyekundu, 6 za nyeupe na 15 za kijani. Hesabu kamili ni ndogo kidogo kuliko hiyo, lakini katika kila fungu zimo shanga zilizopinda na zisizo na tundu, na hizo ni za kuchambua kabla, kwenye sahani yenye kitambaa ili zisikimbie. Ushanga mmoja mnene kuliko wenzake unatosha kupindisha ncha nzima. Na kama mmeshatunga ushanga uliozidi, msiuvunje kwa koleo kwa kuubana tu, kwa kuwa vipande vinaingia ndani na kukata uzi. Chomekeni msumari mwembamba tunduni na mbonyeze polepole upasuke kwenda nje, macho mkiyageuzia pembeni.

Bangili ya mpira ni rahisi zaidi, ndiyo maana watu wengi huikosea. Pima kifundo cha mkono, ongeza sentimita 1. Kwa mkono wa sentimita 17 mtahitaji shanga za namba 8 kati ya 80 na 90; zipimeni kwenye rula, maana viwanda havilingani. Kabla ya kutunga, uvuteni mpira mara tano au sita. Msipouvuta ninyi, utavutika wenyewe ukiwa mkononi, na baada ya siku tatu pengo litaonekana. Fungeni fundo la daktari, lile la kuzungusha mara mbili kabla ya kukaza. Na jamani, supa gluu hapana. Inakauka ngumu kama kioo, na mpira unaopinda pembeni yake unakatika hapo hapo. Gundi laini ya kitambaa, tone moja, kisha ficheni fundo ndani ya ushanga wenye tundu kubwa. Hereni hazina mengi, ila ndoano za bei ndogo zina nikeli na masikio ya wengine yanavimba; zawadi ya mtu ambaye hamumjui vizuri ipewe ndoano za chuma kisichoshika kutu.

Rangi tumezichagua kwa makusudi. Kwa maelezo yanayotolewa mara nyingi kuhusu shanga za Kimaasai, nyekundu ni damu na ushujaa, nyeupe ni maziwa na usafi, kijani ni malisho, bluu ni mbingu iletayo mvua, chungwa na njano ni ukarimu. Ukiitazama nyota yetu, rangi za Krismasi zilikuwa huku tayari. Anayetaka bluu, atafute ile inayoingia kwenye zambarau kidogo: ni rangi ya tanzanaiti, inayochimbwa Mererani peke yake duniani. Ilijulikana mwaka 1967, na mwaka 2002 chama cha wafanyabiashara wa vito Marekani kikaiweka miongoni mwa vito vya waliozaliwa Desemba. Mwenye mtoto wa Desemba ana sababu mbili za kutunga.

Kijani nacho, kwa Wachaga wa Mlimani Kilimanjaro, kina jambo jingine. Jani la isale hupelekwa kuomba msamaha, na anayeletewa isale hutarajiwa kusikiliza. Desemba ndugu wanarudi kihambani, kwenye shamba la ukoo, wakiwa na ya zamani vifuani: mpaka wa shamba, mchango wa msiba, maneno yaliyosemwa kwenye simu. Bangili ya kijani haichukui nafasi ya isale wala ya wazee kukaa. Lakini mtu aliyekaa jioni mbili akihesabu shanga kwa ajili ya kaka yake ameshaanza kumfikiria kwa upole, na hilo tunaliombea kila nyumba msimu huu.

Kama mikono haina nafasi, nunueni. Kina yeyo, yaani akina mama wa Kimaasai, wanaouza kwenye soko la Wamasai Arusha na pembezoni mwa barabara za Moshi wanatunga vizuri kuliko sisi tunavyoeleza. Geuzeni pambo mtazame nyuma: nyuzi ziwe zimefichwa, na vipande vinavyotenga mistari, vya ngozi au plastiki, viwe vimenyooka. Mkikuta hivyo, lipeni bila kuvutana hadi mwisho. Kidani kipana cha mistari mingi ni kazi ya siku kadhaa, na Januari yeyo naye ana watoto wa kupeleka shule.

Mnaosafiri na mapambo, yalazeni bapa ndani ya kanga, msiyaning'inize wala kuyakunja, na yasikae kwenye kioo cha mbele cha gari, kwani jua linaufanya mshipi kuwa mkavu na kukatika. Nyota zitieni kitanzi cha uzi cha sentimita 8, kupitia ushanga wa ncha moja, na mti ukishavuliwa zikae kwenye kopo kavu mpaka Desemba nyingine.

Mungu awafikishe salama. Krismasi njema, na Mwaka Mpya wenye heri kwenu na kwa wote mtakaokaa nao barazani.