Kabla hujabonyeza Ruhusu: apu za mikopo, namba za watu wako na ruhusa za kwenye simu

Wateja wetu habari za kazi. Kuna jambo linajirudia sana hapa dukani Kariakoo, tumeona bora tuliandike lote sehemu moja ili hata aliye mbali alisome na amtumie ndugu yake. Mtu anakuja amechanganyikiwa, anasema simu yangu imehakiwa, naomba mniflashie. Ukiishika simu na kuangalia vizuri unakuta mara nyingi hamna mtu aliyehaki chochote, kuna apu iliomba ruhusa na ikapewa. Na hatusemi hivi kumlaumu mteja, hapana, maana hizo apu zinatokea na maswali yake pale pale ambapo mtu ana haraka, anataka huduma, na kile kitufe cha kukubali ndo kinachomfikisha anakotaka.

Zinazoleta kilio kuliko zote ni apu za mikopo, zile ambazo watu wanaita kausha damu za mtandaoni. Mteja wetu mmoja, dada anayeuza chakula, alikopa hela ndogo tu ya kuongezea mtaji, siku ya kurejesha ikapita, kabla ya jioni meseji zimeshafika kwa mama mkwe wake, kwa mwenye nyumba, kwa mwalimu wa mtoto, mpaka kwa fundi bomba ambaye alisevu namba yake siku bomba limepasuka na hajawahi kumpigia tena. Wote wanaambiwa huyu mtu ni tapeli, amekuweka wewe kama mdhamini, mwambie alipe. Mama mkwe hajui hata hiyo apu inaitwaje. Dada alikuja analia, anataka tuingie kwenye apu tufute zile namba.

Hilo hatuwezi, na fundi yeyote atakayekwambia anaweza anakudanganya. Ukishairuhusu apu isome namba ulizosevu, inaweza kunakili orodha nzima, majina na namba, ikaituma kwenye sava, yaani kompyuta za wenye apu, na hiyo ni kazi ya sekunde chache bando likiwepo. Ukija kuifungia baadae unazuia isichukue namba mpya, ila zile za mwanzo zilishaondoka. Ukiifuta apu yenyewe pia ni hivyo hivyo, umefuta kilichopo kwenye simu yako, kilichopo kwao kinabaki kwao. Ndo maana tunarudia hili neno kwa kila anayetusikiliza: ruhusa ya namba za simu huitoi kwa niaba yako peke yako, unaitoa kwa niaba ya mama yako, bosi wako, wateja wako na watoto wa shangazi, watu kibao ambao hawajaulizwa na hawana mkopo na mtu.

Sasa kitu ambacho wateja wengi hawajui. Kuanzia tarehe 31 Mei 2023 sera za Google Play zimekataza apu za mikopo binafsi kugusa namba za simu na picha za mtumiaji. Kwahiyo apu ya mkopo ikikuomba namba zako leo, hapo hapo umeshapata jibu lako: ama haikutoka Play Store, umetumiwa faili lake kwa WhatsApp au umelishusha kwenye tovuti fulani, ama imo Play Store na inavunja sheria za mwenye duka. Usianze kujiuliza kama riba yao ni nzuri, toka humo. Na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na apu 69 za kukopesha kidijitali zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni, kwahiyo kabla ya kukopa angalia kwanza kama huyo mkopeshaji ana leseni ya BoT. Pia tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, PDPC, ambayo inapokea malalamiko. Mama mkwe anayesumbuliwa kwa deni lisilo lake naye ana haki ya kulalamika, sio mkopaji tu.

Baada ya namba, ruhusa ya pili ya kuiogopa ni ya meseji. Mtu anajiona hana siri kwenye SMS, siku hizi wote tuko WhatsApp, lakini fikiria meseji za pesa za mtandao. Kila ukipokea hela inaingia SMS, kila ukituma, kila ukilipa luku, na nyingi zina salio lako pale mwishoni. Apu inayosoma SMS inajua mshahara wako unaingia lini, unamtumia nani kila mwezi, na leo umebakiwa na shilingi ngapi. Wakopeshaji wengi wa mtandaoni ndo hesabu zao zinakotoka hapo, wanapima kiasi cha kukukopesha kwa kusoma hizo meseji. Alafu kwenye SMS hizo hizo ndo zinaingia namba za uthibitisho za benki na za WhatsApp. Apu ya kuedit picha haina sababu yoyote ya kusoma SMS, wala gemu, wala apu ya kutazama mpira.

Ila kuna moja imejificha kuliko zote, hii hata haipo kwenye orodha ya kawaida ya ruhusa. Kwenye simu ya Kiswahili inakaa sehemu ya ufikivu, kwenye simu ya Kiingereza ni Accessibility. Iliwekwa kwa nia njema kabisa, kumsaidia asiyeona au mwenye shida ya mikono atumie simu, kwahiyo apu ikipewa hiyo inaweza kusoma kila kilichopo kwenye skrini na kubonyeza vitufe badala yako. Sasa fikiria hiyo nguvu iko kwenye apu uliyotumiwa na mtu usiyemjua kwenye grupu, na wewe unafungua apu ya benki huku yenyewe inaangalia. Apu nyingi za kuibia watu hela za benki kwenye Android zinapitia mlango huu. Kuanzia toleo la Android 13 apu iliyotoka nje ya Play Store inawekewa kizuizi kabla ya kupewa hii ruhusa, lakini wanaokutapeli watakupigia simu wakuelekeze hatua kwa hatua jinsi ya kukiondoa. Ukikuta mtu anakuelekeza hivyo, kata simu. Ingia leo kwenye ufikivu uone nani yupo, na kama kuna jina usilolitambua lizime kwanza, maswali baadae.

Tukiwa hapo hapo, angalia pia ruhusa ya kuinstoo apu kutoka nje. Wengi waliiwasha siku moja kwenye WhatsApp au kwenye Chrome ili waweke GB WhatsApp au apu ya kuangalia mechi bure, na haijazimwa mpaka leo. GB WhatsApp haijatengenezwa na Meta, kampuni yenye WhatsApp halisi, hujui nani ameifungua ndani akabadilisha nini, na unaipa namba zako zote, maiki, kamera na picha. Tunajua inapendwa kwa vile inaficha umeangalia stetasi na mambo kama hayo. Sisi ushauri wetu ni uitoe, na akaunti yako pia inaweza kufungiwa na WhatsApp wenyewe kwa kuitumia.

Tochi nayo. Simu yoyote ya kisasa ina tochi ndani, unashusha pazia la juu unaigusa, lakini bado tunakuta simu zina apu ya tochi yenye ruhusa ya lokesheni. Hili limeshafika serikalini huko Marekani, mwaka 2013 tume yao ya biashara, FTC, ilimbana mwenye apu ya tochi iliyoitwa Brightest Flashlight, ilikuwa imeshushwa mara mamilioni, kwa kuwapa watangazaji lokesheni za watumiaji bila kuwaambia ukweli. Tochi inahitaji taa ya kamera basi. Kipimo chetu ni hicho hicho kwa apu yoyote: jiulize hii kazi inayonifanyia inahitaji hiki inachoomba? Bolt inahitaji kujua uko wapi, ndio, la sivyo dereva atakutafuta Buguruni na wewe uko Mbagala. WhatsApp bila maiki hutapiga simu wala kutuma voisi noti. Hatumwambii mtu azime kila kitu, apu nyingine zitakufia mkononi.

Kwenye lokesheni hasa una machaguo mengi kuliko unavyodhani. Unaweza kuiruhusu muda wote, au pale tu unapoitumia, au mara hii moja tu, hii ya mara moja ilikuja na Android 11 mwaka 2020. Karibu apu zote inatosha kuchagua unapoitumia. Na kuanzia Android 12 unaweza kuipa eneo la makadirio badala ya pale pale ulipo, apu ya hali ya hewa haihitaji kujua mlango wa nyumba yako, Kinondoni inatosha. Hapa pia kuna faida ya chaji, wateja wengine wanatuletea simu wanataka betri mpya, tukiangalia tunakuta apu kadhaa zinasoma lokesheni usiku na mchana. Tunazibana kwanza, mteja akae nayo siku chache, betri isipotulia ndo tunazungumza habari ya kubadilisha.

Picha nazo, kama simu yako ni Android 14 kwenda juu, apu ikiomba picha unaweza kuchagua zile unazotaka tu badala ya kuifungulia geleri nzima. Watu wana picha za NIDA humo, za vyeti, za watoto, za kadi ya benki. Chagua picha mbili unazotaka kupost, yatosha.

Kuziangalia zote sio kazi. Ingia setingi, tafuta sehemu ya faragha au usalama na faragha, humo kuna kidhibiti cha ruhusa. Kwenye Tecno, Infinix na itel menyu inaweza kukaa tofauti kidogo na Samsung, ukikwama andika neno ruhusa kwenye kile kisanduku cha kutafutia juu ya setingi, au permission kama simu yako ni ya Kiingereza. Itakupa orodha: namba, SMS, kamera, maiki, lokesheni na kadhalika, ukigusa moja unaona apu zote zilizopewa. Anza na namba, alafu SMS, alafu maiki. Simu za Android 12 kwenda mbele zina pia dashibodi inayoonyesha ndani ya masaa 24 yaliyopita ni apu gani iligusa kamera, maiki au lokesheni, na saa ngapi. Kama iligusa maiki saa nane usiku na wewe ulikuwa umelala, hiyo apu ina maelezo ya kutoa. Na kile kidoti cha kijani kinachotokea juu kulia sio uharibifu wa kioo kama wengine wanavyotuletea, ni simu inakwambia kamera au maiki inatumika sasa hivi. Kwenye iPhone kijani ni kamera, chungwa ni maiki, na kuanzia iOS 18, yaani mfumo wa iPhone toleo la 18, unaweza kuchagua namba chache tu za kuipa apu badala ya zote, kitu ambacho kwenye Android nyingi zilizopo mikononi mwa watu bado ni zote au hamna.

Ukiwa Play Store usiamini moja kwa moja ile sehemu ya usalama wa data, yale maelezo anajaza mwenye apu mwenyewe. Shuka chini kwenye maelezo ya apu, kuna orodha ya ruhusa inazoweza kuomba, hiyo inatoka ndani ya apu yenyewe, isome kabla hujashusha.

Huduma yetu sasa. Ukitaka tukusaidie kupitia ruhusa za simu yako, njoo, hatuchaji, hata kama simu hukununua kwetu. Simu unaishika wewe, patani unaweka wewe, sisi tunakaa pembeni tunakuelekeza ubonyeze wapi, kwasababu haina maana kukufundisha kulinda siri zako huku tunapekua simu yako wenyewe. Kama unaleta simu ya kubadilisha kioo au chaji sistimu, hatuhitaji kujua namba yako ya siri ili kufanya hiyo kazi, ukirudi utaifungua mwenyewe mbele yetu tujaribu tachi. Samsung nyingi mpya zina hali ya matengenezo, unaiwasha kabla ya kutuachia na picha, meseji na akaunti zako zote zinafungwa mpaka uizime mwenyewe. Tuulize tukuonyeshe ilipo, na ukipeleka simu kwa fundi mwingine iwashe pia.

Na kwa ambaye yuko kwenye shida ya apu ya mkopo sasa hivi: usiifute kabla hujapiga skrinishoti za mkataba, kiasi ulichopokea, kiasi wanachodai na ruhusa ilizonazo. Waombe ndugu na jamaa waliotumiwa meseji wazihifadhi na wakutumie skrinishoti zenye namba iliyotuma na tarehe. Ukishapata hizo ndo uifungie ruhusa zote, uitoe, ubadilishe namba za siri za barua pepe na za pesa, alafu upeleke malalamiko PDPC na Benki Kuu. Skrinishoti zikikusumbua kuzipanga, tuko wazi Jumatatu mpaka Jumamosi, njoo tuzipange pamoja.