Injini inayozimika na kuwaka tena ipimwe, isibahatishwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwaandikie mafundi wa magari wa Nairobi, pamoja na wenzangu tunaowapelekea magari yetu, kuhusu ugonjwa mmoja nilioishi nao kwa miezi minne: gari ambalo injini yake huzimika ghafla likiwa barabarani, hukataa kuwaka kwa dakika kumi au ishirini, kisha huwaka na kwenda kana kwamba halikuwahi kuwa na neno.

Mara ya kwanza ilikuwa jioni katika Barabara ya Thika, nikitoka Pangani kuelekea Roysambu, binti yangu akiwa kiti cha nyuma na sare ya shule. Gari halikutetemeka wala kukohoa. Injini ilikatika kama taa iliyozimwa, taa nyekundu za betri na oili zikawaka kwenye dashibodi, usukani ukawa mzito mikononi, na nilipokanyaga breki kwa mara ya tatu pedali ilikuwa imekaza kama jiwe. Lori la mchanga lililokuwa nyuma yangu lilinikwepa kwa kadiri ya mkono mmoja. Asiyejua na ajue kwamba breki za magari yetu mengi husaidiwa na mvuto wa hewa unaotokana na injini, na injini ikifa hubaki akiba ya kukanyaga mara moja au mbili tu. Kwa hiyo dereva aliyepatwa na jambo hili akanyage mara moja kwa nguvu, ashikilie, na alielekeze gari kando akiwa tayari kwa uzito wa usukani. Mimi sikulijua hilo siku ile, na ndiyo sababu ya kulitaja mapema.

Yaliyofuata wasomaji wengi watayatambua. Gereji ya kwanza ilisema ni plagi, nikanunua plagi nne. Gari lilikwenda vizuri kwa siku tisa, likazimika tena katika msongamano wa Outer Ring. Gereji ya pili ilisema ni mafuta machafu, tangi likamwagwa, chujio likabadilishwa, na lilipozimika tena ikaamuliwa kwamba ni pampu ya mafuta, nami nikanunua pampu. Gereji ya tatu ilibadilisha koili. Nilikuwa nimetumia shilingi 41,000 na ushei, na kila mara nilikabidhiwa ufunguo kwa maneno yaleyale, kwamba sasa limepona, kwa kuwa tu lilikuwa limewaka na kuzunguka mtaa mara mbili bila kuzima. Lakini ugonjwa wa kuja na kuondoka hauthibitishwi kuwa umepona kwa sababu haukuonekana alasiri moja. Gari lingewaka na kuzunguka mtaa hata kama hakuna aliyeligusa.

Siwashutumu mafundi hawa kwa wizi, maana sina ushahidi huo, na wawili kati yao walifanya kazi kwa bidii hadi giza likaingia. Ninacholalamikia ni kwamba hakuna hata mmoja aliyepima kitu chochote kabla ya kushika spana. Tena kila gereji ilianza kwa tendo moja ambalo nilikuja kujua baadaye kwamba lilikuwa likifuta ushahidi: kuchomoa waya wa betri ili taa ya injini izime. Magari yenye kompyuta, ambayo kwa sasa ni karibu yote tunayoyaendesha, huhifadhi namba ya hitilafu na mara nyingi huhifadhi pia picha ya hali ilivyokuwa wakati ule: mwendo wa gari, mizunguko ya injini, joto la maji, mzigo uliokuwa juu ya injini. Kwa hitilafu isiyoonekana gari likifika gereji, picha hiyo ndiyo shahidi pekee aliyekuwepo. Katika magari mengi, kuchomoa betri, au kubonyeza kitufe cha kufuta kwenye mashine ya kusomea, kunamfukuza shahidi huyo kabla hajaulizwa. Ni kweli kwamba si kila kuzimika huandikwa na kompyuta, na namba yenyewe huonyesha njia ya umeme iliyo na shida, haisemi kipuri gani kitupwe. Hata hivyo dakika mbili za kusoma na kunakili kwenye karatasi kabla ya kufuta hazimgharimu fundi kitu.

Fundi wa nne yuko katika eneo la Kariobangi Light Industries, mtu wa makamo asiyependa maneno mengi, na sitamtaja jina kwa sababu hakuniruhusu. Hakufungua boneti kwa karibu nusu saa ya kwanza. Aliniketisha kwenye tairi kuukuu akaniuliza: huzima likiwa baridi au likiwa limepata joto? Huzima ukiwa kwenye kasi, au unapoachilia mafuta ukikaribia mzunguko wa barabara? Hukohoa kwanza au hukatika mara moja? Tangi huwa limejaa au lina robo? Huzima unapopita tuta? Na baada ya kuzima, ukipiga stata, ule mshale wa mizunguko hupanda kidogo au hulala palepale kwenye sifuri?

Sikuwa na jibu la nusu ya maswali hayo. Akanirudisha nyumbani na daftari, akaniambia, "Mwalimu, likizima andika kabla hujanipigia simu." Niliandika kwa wiki mbili. Lilizima mara tatu, zote baada ya zaidi ya nusu saa ya kwenda polepole kwenye jua la mchana, zote kwa kukatika mara moja, na kila nilipopiga stata mshale haukunyanyuka hata unywele. Mara moja tangi lilikuwa limejaa.

Kwa majibu hayo, akasema, pampu imejitetea yenyewe, kwa sababu pampu inayokufa huilegeza injini kwanza, gari hukosa nguvu, husitasita, na hali huzidi mafuta yanapopungua kwenye tangi kwa kuwa mafuta hayohayo ndiyo yanayoipoza. Kukatika ghafla kunaelekeza kwenye umeme. Na mshale usionyanyuka wakati stata inazungusha injini, alinieleza, ni dalili kwamba huenda kompyuta haipati habari kwamba injini inazunguka. Hata hapo hakununua kitu. Aliunga geji kwenye njia ya mafuta akaniachia niione, presha ikakaa pale inapotakiwa kwa dakika ishirini. Akapima betri ikiwa imepumzika, akapata volti 12.6, na injini ikiunguruma akapata 14.2, akasema hapo pazima. Ndipo akalala chini ya gari na kutoa sensa ya krenki, kidude cha ukubwa wa kidole gumba chenye sumaku na waya mwembamba uliosokotwa ndani, kinachokaa karibu na puli ya mbele na kuihesabia kompyuta mizunguko. Kompyuta ikikosa hesabu hiyo haijui lini irushe cheche wala lini imwage mafuta, basi huvikata vyote viwili kwa pamoja.

Tendo alilofanya baada ya hapo mimi, mwalimu wa fizikia kwa miaka kumi na saba, sitalisahau. Aliunganisha miguu ya sensa na mita yake, ikasoma ohmu 1,240. Akavuka kichochoro, akaazima mashine ya kukaushia nywele kwenye saluni ya jirani, akaipulizia sensa ile hewa ya moto juu ya kipande cha mbao. Namba zikapanda polepole, kama inavyopasa waya wa shaba ukipata joto: 1,300, 1,390, 1,480. Kisha zikaanza kurukaruka, na ghafla kioo cha mita kikaonyesha kwamba njia imekatika kabisa. Tuliiacha ipoe kwa muda wa kunywa chai kikombe kimoja, na namba zikarudi palepale zilipoanzia. Waya ulikuwa umekatika ndani kwa ufa usioonekana. Joto la injini kwenye msongamano, mahali ambapo hakuna upepo wa kuipoza, lilikuwa likiuachanisha ufa ule, na dakika ishirini za kusimama kando ya barabara zilikuwa zikiufunga. Sensa mpya ilinigharimu shilingi 3,500 na kazi yake 1,500. Alirudia jaribio lilelile kwa sensa mpya mbele yangu kabla ya kuifunga, kisha akatuma gari likaendeshwe saa nzima kwenye jua.

Ningekosea kama ningewaacha wasomaji wakidhani kwamba kila gari linalozima linataka sensa ya krenki, kwani huo nao ungekuwa ubahatishaji wa aina mpya. Gari linalozima unapoachilia mafuta au unaposimama kwenye taa, na ambalo huwaka papo hapo, mara nyingi lina masizi kwenye throtoli, yaani mlango wa kuingizia hewa kwenye injini, au hozi ya hewa iliyopasuka, na kusafisha ni kazi ya kopo moja la dawa. Baadhi ya magari ya Honda ya miaka ya 1990 yanajulikana kwa rilei kuu, swichi ya umeme inayoipa nguvu kompyuta na pampu ya mafuta, ambayo risasi yake ya kuunganishia hupata nyufa ndani, ikawa haifanyi kazi gari likiwa limeanikwa juani. Linalozima kwenye mashimo na matuta liangaliwe vishikio vya betri, waya wa bodi na swichi ya ufunguo. Swichi hiyo si jambo dogo: mwaka 2014 kampuni ya General Motors ya Marekani iliyaita magari yake takriban milioni 2.6 yarudishwe kurekebishwa kwa sababu ufunguo ungeweza kuteleza wenyewe na kuzima injini pamoja na mifuko ya hewa, na mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124. Wenye tabia ya kuning'iniza rundo la funguo za nyumba, duka na kabati kwenye ufunguo wa gari wafikirie tena.

Kuhusu mafuta yaliyochanganywa, ambayo ndiyo jibu la kwanza la gereji nyingi hapa mjini, nakiri kwamba tatizo lenyewe lilikuwa la kweli kiasi cha serikali kuweka ada ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa mwaka 2018 ili kuwavunja moyo wachanganyaji. Lakini mafuta mabaya huifanya injini ikohoe, itoe moshi na ikose nguvu safari nzima. Hayachagui alasiri moja yakaiacha asubuhi inayofuata.

Lipo pia jambo ambalo halimhusu fundi hata kidogo. Mwaka 2020 Toyota ilianza kuyaita magari yake kwa mamilioni duniani kwa sababu ya pampu za mafuta zilizotengenezwa na Denso, ambazo kipande chake cha plastiki cha kusukumia mafuta kingeweza kufyonza mafuta, kikavimba, kikakwama na kuzima injini. Kampuni nyingine za Japani zilifuata. Magari mengi tunayoyaagiza ni ya umri huohuo, kwani sheria yetu hairuhusu gari lililozidi miaka minane. Watengenezaji wa Japani wana kurasa za intaneti ambamo unaingiza namba ya chesisi na kuonyeshwa kama gari liliitwa na kama kazi ilifanywa. Nawaomba wanaoagiza magari watazame ukurasa huo kabla ya kulipa, na wauzaji wa hapa Nairobi wachapishe majibu yake na kuyabandika kwenye kioo pamoja na bei. Namba ya chesisi imo kwenye kila hati ya gari. Hakuna siri inayofichuliwa.

Kwa mafundi ombi langu ni moja. Mteja akileta gari linalozima na kuwaka, msimwambie ni kitu gani mpaka muwe mmekiona kikishindwa kwenye geji au kwenye mita, na kipuri cha zamani mkirudishe mkononi mwake. Mlipishe kazi ya kupima kama kazi kamili. Mimi ningelipa shilingi 5,000 za kupimwa tu kwa furaha kuliko 41,000 za vipuri ambavyo havikuwa na kosa. Sisi wenye magari tumezoea kulipia kinachoonekana, chuma kipya ndani ya boksi, tukibisha bei ya akili iliyotumika kukitambua, na kwa tabia hiyo tumewafundisha mafundi kuuza vyuma.

Na kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda (NITA), inayosimamia mitihani ya daraja za mafundi, naomba iwepo katika mtihani wa vitendo injini moja yenye kasoro ya kuja na kuondoka, waya uliolegezwa kwa makusudi au sensa kama ile iliyonisumbua, na mtahiniwa apewe alama kwa maswali aliyomuuliza mwenye gari na kwa vipimo alivyoandika, kabla ya kuruhusiwa kugusa spana. Ile sensa yangu ya zamani ninayo bado. Ikihitajika kwa kazi hiyo, niko tayari kuitoa.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa fizikia,
Kasarani, Nairobi